Wanawake Arobaini na Watatu Wasiokuwemo Daftarini

Mama yake Wahiba alikata roho kabla jua halijachomoza, na mpaka adhuhuri inaadhiniwa alikuwa bado hajaoshwa, kwa sababu ufunguo wa kisima ulikuwa Kawe, mfukoni mwa Jumbe Jaffar, na Jumbe Jaffar alikuwa Kawe harusini.

Wanawake wa Mtaa wa Visiki, Temeke, walikuwa wameketi ukumbini na ndoo tupu mbele yao. Sanda ilikwisha katwa. Kafuri ilikwisha pondwa. Udi uliteketea, ukawashwa mwingine. Kilichokosekana ni maji, na maji yalikuwa hatua sitini kutoka mlangoni, chini ya kifuniko cha mbao chenye kufuli.

Kisima kile walikichimbisha wao. Chama chao cha ngoma, Tulizo, kilikusanya zawadi za misimu mitatu ya harusi, kikaita wachimbaji, kikajenga ukingo wa saruji. Maji yakatoka, baridi, hayana chumvi. Ndipo Bwana Shauri, yule Mwingereza aliyeushika mji na vitongoji vyake, akawaletea jumbe. Hakuuliza mtu. Jaffar alifika na barua, akapewa kiti. Mwezi wa pili akasema kisima wazi ni hatari kwa watoto, akamwagiza Anselmo, fundi seremala wa mtaani, atengeneze kifuniko. Mwezi wa tatu kifuniko kikapata kufuli. Tangu hapo maji yakawa na saa, na saa zikawa zinafuata uso wa Jumbe. Aliyempita bila kumwamkia alichota mwisho. Aliyesahau kumpelekea sinia siku ya Idi alikaa siku mbili na ndoo kavu.

"Ndoo kichwani," alisema Bi Tunu binti Salumu, akasimama. "Tunakwenda bomba la Chang'ombe."

Bi Tunu alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, mjane wa miaka hamsini na ushei, mwenye nyumba ya vyumba sita aliyoachiwa na mumewe. Alikuwa mkuu wa Tulizo. Sauti yake ilizoea kupita juu ya ngoma, kwa hiyo hata akinong'ona nyumba ya tatu husikia. Siku ile hakunong'ona wala hakupaza. Alitembea mbele, wanawake kumi na wawili nyuma yake, jua la utosi, na waliporudi nusu ya maji ilikuwa imemwagika njiani. Kwa nusu hiyo iliyobaki wakamwosha mama yake Wahiba, haraka haraka, kama watu wanaoiba.

Jeneza lilikuwa linatoka alasiri Jumbe Jaffar aliporudi, kanzu inanukia marashi ya harusi. Alisimama pembeni, akaitikia dua, kisha akamwambia Bi Tunu, "Mngenitumia mtu."

"Tulikutumia. Mauti yenyewe yalikuja kukubishia hodi. Hukuwapo."

"Bi Tunu, kifo cha Mungu."

"Kifo cha Mungu," alisema Bi Tunu. "Kufuli la nani?"

Jumbe akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua ameshika nini mfukoni.

Wiki ile ile Bi Tunu na Wahiba walikwenda kwa Bwana Shauri. Walivaa mabuibui mapya. Walikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, wakaitwa saa saba.

Bi Tunu hakwenda kuomba jumbe mwema. Alikwenda kudai jumbe wa kuchaguliwa, kwa sababu hilo alilijua kwa mkono wake. Tulizo walichagua mkuu wao kila mwaka, mwezi wa Mfunguo Mosi. Chungu kiliwekwa kati, kikafunikwa kanga. Kila mwanamke alipewa kunde moja na mbegu moja ya ubuyu. Kunde ya huyu, ubuyu wa yule. Aliingiza ngumi chini ya kanga, akaachia aliyoitaka, akatoka na ngumi imefumbwa vile vile, na iliyobaki akaitupa kichakani bila kuonyesha mtu. Chungu kilimwagwa kwenye ungo mbele ya wote. Mwaka mmoja Wahiba alimshinda Bi Tunu kwa kunde nne, na Bi Tunu akambebea mwavuli mwaka mzima, akampisha kiti, akamwita mkuu wangu. Mwaka uliofuata akakirudisha kiti kwa chungu kile kile. Hakuna aliyemtupia mwenzake maneno.

"Mnataka nini?" aliuliza Bwana Shauri. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kimenyooshwa kama shuka la hospitali.

"Tunataka jumbe tumchague sie wenyewe, bwana."

"Jumbe ni mkono wa serikali. Mkono wa mtu hauchaguliwi na jirani zake."

"Mkono huo umetia kufuli maji yetu. Maiti amekaa na janaba la mauti mpaka alasiri."

Bwana Shauri alitazama karatasi zake. Alisema habari ya kisima atamwandikia Jumbe. Kisha akatabasamu. "Kama mna kelele nyingi, mama, pigeni ngoma. Cheti nitawapa."

Akakitoa kweli. Wakati ule ngoma haikupigwa mjini bila cheti cha ofisi, na ofisi ilitaka majina ya wachezaji wote yaandikwe mgongoni mwa cheti, ili vurugu ikitokea askari wajue wa kumkamata. Karani akayaandika, arobaini na matatu, kama alivyoyaandika mwaka juzi na mwaka jana. Bwana Shauri akatia sahihi yake ndefu yenye mkia. Wahiba alitaka kukichana walipofika njiani.

"Lete," alisema Bi Tunu. "Karatasi ya serikali haichanwi. Huenda ikaumwa na tumbo siku moja ikamtapika mwenyewe."

Akakiweka nyumbani, ndani ya kopo la biskuti, juu ya vyeti vingine.

Chumba cha uani cha Bi Tunu alipanga Gozbert, kijana wa Kihaya, karani wa ghala bandarini, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. Bi Tunu alimpenda kwa sababu alilipa bila kukumbushwa na alibishana bila kukasirika. Jioni ile Gozbert alimkuta barazani anapepeta mchele kwa nguvu za kuuvunja.

"Shikamoo, Bi Tunu. Mchele umekosa nini?"

"Marahaba. Mchele hauna kosa. Nawachukia nyie wasomi. Mmesoma mpaka macho yamekuwa na vioo, na hamna dawa ya kufuli."

"Dawa ipo, ila iko mbali. Kwetu Bukoba tunasema..."

"Kwenu Bukoba mnakula panzi. Sema dawa."

Gozbert akaketi. Akamweleza kuwa Tanganyika si mali ya Mwingereza. Baada ya vita aliwekewa tu na mataifa ya dunia, na mataifa hayo yana umoja wao, na umoja una baraza kule Amerika, na baraza hilo kila mwaka humwita Mwingereza limuulize: watu tuliokupa, umewafanya nini? Mkataba wao wenyewe unasema watu waongozwe mpaka wajitawale, kwa kadiri ya matakwa yao waliyoyasema kwa hiari. Na kila baada ya miaka mitatu baraza hutuma wageni waje kutazama kwa macho. Na mtu yeyote, hata asiye na cheo, anaweza kuliandikia.

Bi Tunu aliweka ungo chini. "Basi sie ni amana."

"Ndiyo hasa."

"Mbona hukusema tangu zamani?" Alikuwa amekasirika upya, hasira nyingine, yenye mwanga ndani yake. Amana aliijua. Mtu akikuwekea mbuzi, mbuzi si wako. Humchinji, humkodishi, na mwenyewe akija unamtoa na kamba yake. "Mwenye kuweka amana anaweza kuuliza. Andika."

Waliandika jioni tatu. Gozbert alitaka maneno makubwa, Bi Tunu akayakata. Barua ilieleza habari ya kisima, ufunguo wa Kawe, na mama yake Wahiba. Iliomba jambo moja: watu wa Mtaa wa Visiki wamchague jumbe wao kwa chungu. Wanawake arobaini na watatu wa Tulizo wakatia dole gumba, mmoja mmoja, kila dole na jina lake kando. Wageni wa Baraza walipofika mwaka 1951, Gozbert na Bi Tunu waliipeleka mjini, wakaikabidhi kwa mwandishi wao aliyeketi nyuma ya meza. Akasema itafika.

Ilifika. Mwaka uliofuata, asubuhi ya jua kali, Jumbe Jaffar alisimama mbele ya baraza ya Bi Tunu, karatasi mkononi, miwani puani.

"Nani hapa anaitwa Tunu binti Salumu?"

Bi Tunu alikuwa anasuka ukili. Hakuinua kichwa. "Jaffar, sinia langu la Idi ulilila ukalamba vidole. Leo unaniuliza jina?"

"Nimeagizwa kuuliza."

"Umeagizwa na nani?"

"Na mwenye kuagiza." Akapindua karatasi, na Bi Tunu akaona. Ilikuwa nakala ya barua yao. Madole yale, yote arobaini na matatu, yamo mkononi mwa mtu waliyemshitaki. Jumbe akapita nyumba hadi nyumba, akisoma majina, akitia alama.

Gozbert aliporudi kazini alimkuta Bi Tunu amesimama mlangoni, ukili umefumuka miguuni.

"Mie nimeandikia Amerika. Vipi barua yangu imelala kwa Jaffar?"

Gozbert alivua kofia. Alisema ndivyo utaratibu ulivyo. Barua ikifika, Baraza huituma kwa serikali iliyoshitakiwa ijieleze. Serikali huituma kwa gavana, gavana kwa Bwana Shauri, Bwana Shauri kwa jumbe.

"Na wewe ulilijua hilo?"

"Nililijua. Nilidhani watauliza na wengine."

"Ulidhani," alisema Bi Tunu. Hakumtukana. Lakini siku nne hakumwamsha kwa chai kama alivyozoea, na Gozbert akachelewa kazini mara mbili.

Jibu lilikuja mwaka 1953, bahasha kubwa yenye stempu za ng'ambo. Wanawake wa Tulizo walijaa ukumbini. Gozbert alisoma Kiingereza kimya kwanza, na uso wake ukabadilika. Juma lile lile bosi wake alikuwa amemwita akamwambia achague baina ya kalamu ya mtaani na kalamu ya kazini.

"Kuandika nimekatazwa," aliwaambia. "Kusoma bado. Basi sikilizeni. Serikali inasema hivi: majina yaliyotiwa kwenye barua hayamo katika daftari la kodi la mtaa huo. Kwa hiyo serikali inaamini ni majina ya kubuni, yaliyotungwa na mtu mmoja mwenye chuki na jumbe, ambaye anaheshimiwa na wakazi wote."

Kodi ya kichwa ililipwa na wanaume. Daftari la kodi halikuwa na mwanamke hata mmoja, la Visiki wala la Bunju wala la kokote, na hakuna aliyelijua hilo zaidi ya yule aliyeandika jibu.

"Baraza je?" aliuliza Wahiba. "Baraza limesemaje?"

"Baraza linawaelekeza walioleta maombi wayasome maelezo ya serikali."

"Halafu?"

"Basi. Ndiyo mwisho."

Mwanamke mmoja akaanza kucheka. Wengine wakamfuata, kicheko kibaya, cha watu wanaokaribia kulia. Bi Tunu hakucheka. "Nimemshitaki mtu kwa kadhi," alisema, "na kadhi ananijibu: kamsikilize mshitakiwa. Tena mshitakiwa anasema sikuzaliwa." Aliutazama mkono wake, akaugeuza, kiganja na mgongo. "Mie nimezika mume. Nimezika watoto wawili. Nimechimbisha kisima. Leo sipo."

Hasira ya mtu mwingine ingepoa. Miaka ni mingi, maji ni ya kila siku, na ufunguo haukutoka mfukoni mwa Jaffar. Wako walioanza kumpelekea sinia tena, na Bi Tunu hakuwalaumu, maana nguo za watoto hazifuliwi kwa hasira. Lakini yake aliitunza kama mtu anavyotunza moto jikoni, anaufukia jivu asubuhi, jioni anaufukua, uko vile vile. Na Tulizo waliendelea kupiga ngoma. Kila walipotaka kupiga, Bi Tunu alikwenda ofisini, majina yakaandikwa mgongoni mwa cheti, Bwana Shauri akatia sahihi. Kopo la biskuti likajaa. Siku moja ya mwaka 1954, akitia cheti cha kumi na moja, mkono wake ulisimama juu ya kopo. Aliketi chini. Akavitoa vyote, akavitandaza juu ya mkeka, akavipindua kimoja kimoja. Hakujua kusoma, lakini mkia wa sahihi ile aliujua.

"Wahiba," aliita, na nyumba ya tatu ikasikia. "Njoo uone nani anatujua."

Wageni wa Baraza walikuja tena mwaka ule. Bi Tunu hakutafuta mwandishi. Wawili katika arobaini na watatu walikwisha kufa. Waliobaki walivaa sare ya Tulizo, kanga za rangi moja, wakatembea kwa miguu kutoka Temeke mpaka mjini, wamepangana kama wanavyopangana kuingia uwanjani, bila ngoma.

Kwenye lango la jengo la mikutano askari aliwasimamisha. "Mna cheti cha ngoma, akina mama?"

"Tunavyo kumi na moja," alisema Bi Tunu. "Lakini leo hatuchezi."

"Basi mmefuata nini?"

"Tumekuja kuhesabiwa."

Wakaambiwa orodha ya watakaosikilizwa imefungwa. Wakaambiwa wanaosikilizwa ni vyama. Bi Tunu akasema nao ni chama. Wakaambiwa waandike barua. Hapo wanawake waliketi chini, wote arobaini na mmoja, juu ya ngazi na njia ya magari, wakanyoosha miguu kama walio uani kwao. Magari yakashindwa kupita. Saa sita wageni walitoka kwenda kula, wakasimama. Mmoja wao, mtu mfupi mwenye miwani, akauliza neno. Mkalimani wa serikali akajibu kwa Kiingereza kifupi. Mgeni akatikisa kichwa, akaelekeza kidole kwa Bi Tunu: huyu aseme.

Bwana Shauri alikuwa amesimama kuliani kwa yule mgeni.

"Mwambie mgeni," Bi Tunu alimwambia mkalimani, "na usimpunguzie. Mwambie sie ndio wanawake wa Mtaa wa Visiki tulioandika habari ya kisima. Serikali imewajibu kwamba hatupo."

Mkalimani akatafsiri.

"Sasa mwulize huyu bwana aliyesimama kando yake, sahihi hii anaijua?" Akafungua kopo. Akaanza kuvitandaza vyeti juu ya ngazi, kimoja baada ya kimoja, uso kwanza, kisha mgongo. "Mfunguo Sita, majina arobaini na matatu. Mwaka uliofuata, arobaini na matatu. Hiki ni cha siku ile tuliyokwenda kumwambia habari ya maiti, akasema tupige ngoma. Arobaini na matatu. Majina ni yale yale ya kwenye barua, mkia wa sahihi ni ule ule. Mwambie mgeni: kupiga ngoma, tupo. Kushitaki, hatupo. Aseme yeye lipi kweli, maana mie siwezi kuwapo mguu mmoja."

Mkalimani alichukua muda mrefu. Mgeni alichuchumaa, suruali yake ya kitani ikagusa vumbi, akasoma. Akamgeukia Bwana Shauri na kumwuliza jambo kwa sauti ya chini. Wanawake hawakujua Kiingereza. Waliona tu shingo ya Bwana Shauri ikipanda wekundu kutoka kwenye kola mpaka masikioni.

Mgeni aliomba apewe cheti kimoja.

"Achukue," alisema Bi Tunu. "Lakini aandike kwamba amechukua. Mie sasa naamini karatasi tu."

Mgeni akatoa kadi yake, akaandika mstari mmoja, akaitia sahihi, akampa kwa mikono miwili. Bi Tunu akaiweka ndani ya kopo. Njiani kurudi Wahiba alianzisha wimbo, na wote wakaitikia, na hakuna askari aliyeuliza cheti.

Bahasha ya pili ilifika baada ya mwaka. Gozbert aliisoma amesimama. Serikali imelieleza Baraza kwamba uchaguzi wa jumbe utafanywa katika Mtaa wa Visiki. Wahiba akapiga kigelegele. Gozbert akainua mkono.

"Ngojeni. Utafanywa kwa njia inayofaa hali ya wenyeji. Na Baraza, kwa kuwa serikali imesema hivyo, limeona halina pendekezo la kutoa."

"Njia gani hiyo?" aliuliza Bi Tunu.

Njia waliijua wiki iliyofuata. Watakaochagua ni walio katika daftari la kodi. Hapana chungu. Wanaume watapanga mistari, kila mmoja nyuma ya amtakaye, mchana, uwanjani, mbele ya Bwana Shauri.

Jaffar aligombea. Aliyejitokeza kushindana naye alikuwa Mzee Didas, mlinzi wa ghala, Mkatoliki mpole, aliyeahidi neno moja tu, kwamba ufunguo atautupa baharini. Siku ya uchaguzi wanawake walisimamishwa nyuma ya kamba. Bwana Shauri aliketi kwenye kiti cha kukunja, daftari magotini, kalamu mkononi, akitazama nani anasimama wapi. Na wanaume wa Visiki, ambao usiku kucha walikuwa wamewaambia wake zao Didas, Didas, walimtazama Bwana Shauri, wakaitazama kalamu, wakaenda nyuma ya Jaffar. Anselmo fundi alikwenda akiangalia viatu vyake. Hamsini na wanane kwa Jaffar. Kumi na mmoja kwa Didas. Wa tatu katika mstari wa Didas alikuwa Gozbert, tai shingoni, kichwa juu, naye alijua anachokipoteza.

"Mmeona wenyewe," alisema Bwana Shauri, akifunga daftari. "Jumbe ni wa kuchaguliwa sasa."

Bi Tunu aliivuka kamba. Hakumfuata Bwana Shauri wala Jaffar. Alikwenda moja kwa moja kwa Anselmo.

"Baba, shikamoo sikupi, umri wetu mmoja. Nipe bisibisi yako."

Anselmo alijua ya nini. Kifuniko kile alikitengeneza yeye, na bawaba alizifunga yeye. Alifungua mkoba wake, akageuza uso upande wa pili. "Mie sijaiona ikitoka," alisema.

Wanawake walikwenda kisimani na chungu. Hawakuacha utaratibu hata siku ile. Wakakifunika kanga, wakagawana kunde na mbegu za ubuyu, si Tulizo peke yao, bali kila mwanamke wa mtaa aliyetaka, Mwislamu na Mkristo, mwenyeji na mgeni. Kunde ilikuwa kifuniko kiondoke. Ubuyu ulikuwa kibaki. Zilitoka kunde mia moja na sita. Mbegu za ubuyu zilikuwa mbili, na hakuna aliyeuliza za nani. Ndipo Bi Tunu akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu zilizoshika bawaba na pete ya kufuli. Zilikuwa na kutu. Mkono wake ulitoka damu kwenye kiganja. Wahiba alipotaka kumpokea alisema, "Wewe ngoja. Hii ni ya mama yako," akaendelea.

Kufuli hawakuligusa. Waliinua kifuniko kizima, na kufuli lake limefungwa juu yake, wakakibeba wanne wanne mpaka kwa Jumbe Jaffar, wakakilaza barazani.

"Mali yako hii," alisema Bi Tunu. "Tazama vizuri, hatukuvunja kitu. Ufunguo unao."

Bwana Shauri alimfunga Bi Tunu siku kumi na nne kwa kuharibu mali ya mtaa, na Tulizo hawakupewa cheti tena. Gozbert alifukuzwa kazi, akaweka meza sokoni, akawa anawaandikia watu barua zao. Kifuniko hakikurudi. Jaffar alijaribu mara moja kumleta Anselmo kukifunga, na Anselmo alisema mgongo unamwuma, na ukaendelea kumwuma. Kwa kuwa kisima wazi kweli ni hatari kwa watoto, wanawake waliweka zamu ya kukilinda mchana, na Bi Tunu alichukua ya asubuhi. Aliketi juu ya ukingo wa saruji na ukili wake. Jaffar alipita kila siku akiwa bado jumbe, na barua, na kiti, na kofia, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwamkia.

Bi Tunu alimwandikisha Gozbert barua ya pili, na ya tatu. Zote zilianza hivi: Sisi wanawake wa Mtaa wa Visiki, ambao serikali inasema hatupo, tunawasalimu. Zote zilijibiwa kwa heshima. Hakuna iliyosaidia.

Alifariki mwaka 1957, alfajiri, akiwa hajawahi kupiga kura moja ambayo serikali iliitambua. Wahiba alikwenda kisimani mwenyewe. Akatupa ndoo, akavuta, akatupa tena. Walimwosha taratibu, maji mengi, wakarudia mara saba, mtu hakukimbizwa na kitu. Jeneza lilitoka kabla ya adhuhuri.